Aina ya Paa

Asubuhi ya Juni, Iringa imejifunika ukungu
kama mgonjwa aliyekatazwa kutoka nje.
Nimeshika futikamba, Atilio kashika ncha yake,
tunapima duka la Velji, mtaa wa Uhindini,
kabla tingatinga halijafika Jumatatu.

Upana wa baraza: mita mbili na robo.
Nguzo: sita. Ya tano imepinda kidogo,
imeegemea upande wa soko
kama mtu anayesikilizia bei.
Milango: miwili, mbao za mninga,
bawaba zimeliwa na kutu hadi zinasema.
Juu, kwenye paji la nyumba, saruji imeandika 1934
na kuchora ua
ambalo halioti Iringa wala kwingineko.

Mjukuu wa Velji kauza, kaondoka.
Mnunuzi anataka ghorofa nne, vioo vya buluu,
"Kama Dodoma," alisema,
wala hakuwa anatania.

Mimi sibishani. Mimi ni wa vipimo.
Mji huu umeshabishana vya kutosha kwa kuta zake:
Mjerumani alichonga mawe, akajenga kuta nene
kama mtu asiyepata usingizi.
Mwingereza kule Gangilonga akaweka dohani,
nyumba ikawa inavuta kiko.
Mhindi akatanguliza duka mbele, jiko nyuma,
maombi juu.
Na sisi?
Sisi tulibeba.

Bibi yangu, Leonsia Kikoti, alizaliwa Kalenga
ndani ya tembe: nyumba ndefu, fupi ya kimo,
paa bapa la udongo ambapo mahindi yalianikwa
na watoto walifukuzwa wasiyakanyage.
Ng'ombe upande huu, watu upande ule,
moshi katikati bila kuomba ruhusa.
Alinambia baba yake, Sekinyaga,
alikuwa akipanda mjini kabla ya jogoo
kwenda kumjengea Mhindi, senti thelathini kwa siku.
Sikumsadiki, na yeye hakungoja nimsadiki,
alikuwa anasonga ugali.

Tukapanda darini, Atilio akamulika kwa simu.
Bati, ndiyo, bati la kutu, popo wanne.
Lakini chini ya bati, juu ya stoo ya vitambaa,
nikakuta miti ya mviringo imelazwa bega kwa bega,
imefungwa kwa magome ya myombo,
juu yake nyasi, na juu ya nyasi
udongo mwekundu, umeshindiliwa,
bapa kabisa.
Hakuna msumari hata mmoja.

Nikakaa. Vumbi likanikalia.
Velji alijua? Au alilipia dari
akaletewa tembe,
akalala miaka yote chini ya paa la Kalenga
akisifu ubaridi wa stoo yake?
Nikaweka kiganja pale. Pana mabonde madogo,
ya kisigino cha mtu aliyekuwa akishindilia
huku anarudi nyuma.

"Andika tushuke," Atilio akasema, "chai inapoa."

Fomu ya halmashauri inauliza: Aina ya paa.
Weka alama ya vema. Bati. Vigae. Zege. Nyasi.
Visanduku vinne, basi.
Nikatia vema kwenye bati.
Kisha pembeni, pale panapobaki kwa ajili ya muhuri,
nikaandika: na udongo.
Kalamu ikakwama, karatasi ilikuwa na vumbi,
nikarudia neno mara mbili,
likatoka nene kuliko sahihi yangu.

Jioni nikafika nyumbani Kihesa.
Bibi haoni vizuri siku hizi,
ila pua yake bado ni ya mtu wa miaka ishirini.
Akageuka jikoni kabla sijabisha hodi.
"Ulikuwa Kalenga?"
"Nilikuwa Uhindini, bibi."
Akanyamaza. Akasogeza beseni la maji ya moto.
Sikunawa upesi.